MTOTO WA KULELEWA NAYE ANA HAKI YA KLINIKI NA NASARI

Na Mjukuu wa Nyanya, Kidato cha 3

Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Methali hii sote tumeiandika katika daftari zetu za Kiswahili, na mwalimu akiiuliza darasani mikono inainuka kama mpunga wa Wema. Lakini mimi maana yake niliipata vizuri siku moja ya Januari mwaka 2025, wala sikuwa darasani. Nilikuwa nimemsindikiza nyanya yangu kumwandikisha mtoto wa miaka 4 katika nasari.

Mtoto mwenyewe si wa nyanya, wala si ndugu yangu wa tumbo moja. Ni mtoto wa binamu yangu ambaye ametangulia mbele ya haki. Alifikishwa kwetu mwezi wa Mei 2024, wakati Mto Tana ulipofurika na watu wa vijiji vingi vya Delta wakahamia mahali palipoinuka. Alikuja na kaptura moja na kikombe cha plastiki. Kadi yake ya kliniki ilikwenda na maji pamoja na nyumba walimokuwa wakiishi.

Mwalimu aliyekuwa akiandikisha akamwuliza nyanya, "Cheti cha kuzaliwa kiko wapi, mama?" Nyanya akajibu, "Cheti hakuna, mwanangu. Mtoto ni huyu hapa, mtazame." Tukaambiwa turudi tukiwa na cheti. Basi tukarudi nyumbani kimya kimya. Mtoto alikuwa amevaa sweta ya shule ambayo shangazi alimnunulia sokoni Garsen, na siku hiyo hakukubali kuivua mpaka alipolala.

Mpenzi msomaji, sikuandika haya ili nimlaumu mwalimu yule, manake naye alikuwa anafuata alivyoagizwa. Nimeandika kwa sababu baada ya siku hiyo nilianza kuuliza maswali kwa watu wanaojua, na nikagundua kwamba katika boma nyingi za kwetu kuna mtoto kama yule. Pengine hata kwenu yuko. Nataka nikueleze watoto hawa ni akina nani, wana haki gani, huduma zao ziko wapi, na mtu afuate njia gani kuzipata.

WATOTO HAWA NI AKINA NANI?

Hapa kwetu mtoto asiyelelewa na wazazi wake si jambo geni. Wengine wazazi wamefariki kwa maradhi. Wengine mama yuko Mombasa au Malindi akitafuta riziki. Wengine baba amefuata ng'ombe mbali na malisho hayajulikani yatapatikana lini. Halafu kuna mambo makubwa yaliyotupata sote kwa pamoja. Mwaka 2012 mapigano kati ya wakulima na wafugaji katika Delta yaliua watu zaidi ya 100, na miongoni mwa vijiji vilivyoingia magazetini ni Reketa, Chamwanamuma, Kilelengwani na Kipao. Wakati huo sisi wa Kidato cha Tatu tulikuwa bado watoto wadogo. Kwa hivyo baadhi ya wenzetu waliolelewa na nyanya na wajomba tunakaa nao dawati moja, Wapokomo kwa Waorma, na pengine hatujui. Na mafuriko ya mto huu, kama yale ya 1997 na 1998, ya 2018, ya mwisho wa 2023 na ya 2024, kila yanapokuja hutawanya watu, na watoto wadogo hubaki kwa yeyote aliye na paa.

Mtoto wa namna hii kwa kawaida hachukuliwi kwa barua. Mtu anakuja jioni, anasema, "Mama, nakuachia huyu kwa muda." Huo muda unakuwa miaka mitano. Hakuna aliyetia sahihi popote. Mapenzi yapo, chakula kinagawanywa, ila karatasi hakuna. Na huduma za serikali siku hizi zinakwenda kwa karatasi.

AINA ZA MALEZI KATIKA SHERIA

Nilidhani sheria inamjua mzazi peke yake. Sivyo. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, ambayo ilichukua mahali pa ile ya 2001, inazitambua njia mbalimbali za kumlea mtoto asiye na wazazi karibu. Nitazitaja kwa ufupi ili tusizichanganye.

Ya kwanza ni malezi ya jamaa. Huyu mlezi ni nyanya, babu, shangazi, mjomba, dada mkubwa au rafiki wa karibu wa familia anayejulikana na mtoto. Hii ndiyo iliyoenea sana kwetu, na ndiyo ya nyumbani kwetu sisi.

Ya pili ni malezi ya kambo. Usichanganye na mama wa kambo wa katika hadithi, yule anayemtesa mtoto kwa kuni na maji. Malezi ya kambo ni pale ambapo mtu asiye jamaa anakabidhiwa mtoto kwa muda kupitia ofisi ya watoto. Afisa wa watoto anamchunguza kwanza mlezi na nyumba yake, kisha anaendelea kumtembelea mtoto. Mtoto anabaki na jina lake, na wazazi wake wakiweza tena kumlea anaweza kurudishwa kwao.

Ya tatu ni kafala. Hii ni njia ya Kiislamu ya kumlea mtoto wa mwenzio, na sheria ya 2022 imeitaja waziwazi. Mlezi anamtunza mtoto kama wake katika chakula, mavazi na elimu, lakini mtoto anabaki na nasaba ya baba yake mzazi. Kwa kuwa ndugu zetu wengi huku ni Waislamu, ni vyema ijulikane kwamba serikali inaitambua.

Ya nne ni kuasili. Hapa mahakama inatoa amri, na mtoto anakuwa wa mlezi moja kwa moja kisheria kama aliyemzaa mwenyewe.

Mwisho kuna vituo vya watoto. Zamani watu wengi walifikiri mtoto yatima mahali pake ni kituoni. Siku hizi mwelekeo umebadilika. Mwaka 2017 serikali ilisimamisha usajili wa vituo vipya, na mwaka 2022 ikatoa mkakati wa miaka kumi, hadi 2032, wa kuwarudisha watoto katika familia. Maana yake ni kwamba watoto wengi zaidi watakuja kwa akina nyanya. Mzigo unaletwa nyumbani, basi na msaada nao ufuate hapo hapo.

KWA NINI MIAKA YA KWANZA?

Mtu anaweza kusema, "Huyu bado ni mdogo, akifika darasa la kwanza tutaona." Huo ni mtego. Samaki mkunje angali mbichi. Mwili na akili ya mtoto hukua kwa kasi sana katika miaka ya mwanzo, na anapofika miaka 5 au 6 ubongo wake umeshafikia karibu asilimia 90 ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima. Akikosa chakula, maneno na mapenzi wakati huo, kuyarudisha baadaye ni kazi ngumu.

Kuna ushahidi kutoka mbali. Katika mji wa Bucharest nchini Romania, kuanzia mwaka 2000, watafiti walifuatilia watoto wachanga 136 waliokuwa wakiishi vituoni. Nusu yao walitafutiwa familia za kuwalea. Waliopata familia waliendelea vizuri kuliko waliobaki kituoni, na waliopata familia kabla ya kufika miaka 2 ndio walionufaika zaidi. Kwa hivyo nyanya zetu, ambao wengine hawakusoma hata darasa moja, wanafanya jambo ambalo wataalamu wamelipima na kuliona ni jema. Lakini familia peke yake haitoshi ikiwa mtoto hachanjwi, hapimwi wala hasomi.

Mtoto aliyepoteza mama huwa na jambo jingine. Huyu wetu alipokuja alikaa wiki kadhaa hasemi. Ukimwita anakutazama tu. Mvua ikinyesha usiku anajificha chini ya kitanda. Watu wengine walisema, "Huyu ni bubu," na mmoja akasema ana shetani. Hakuwa na lolote katika hayo. Alikuwa amepatwa na mambo makubwa kuliko umri wake. Mtoto kama huyo anahitaji ratiba isiyobadilika, wenzake wa kucheza nao, na mtu mzima mpole aliyefundishwa kazi hiyo. Hayo yote kwa pamoja mahali pake ni nasari.

HUDUMA ZENYEWE NI ZIPI?

(a) Kliniki. Chanjo za watoto zinatolewa bure katika zahanati na hospitali za serikali. Mtoto anachanjwa kifua kikuu na kupewa matone ya polio anapozaliwa. Anarudi akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14. Chanjo ya surua na rubela hutolewa katika mwezi wa 9 na tena mwezi wa 18. Hii ya mwezi wa 18 ndiyo wengi husahau, hasa kama mtoto amehama kutoka mkono mmoja hadi mwingine katikati. Kuanzia miezi 6 hadi miaka 5 anapaswa pia kupata vitamini A kila baada ya miezi 6, na dawa ya minyoo kuanzia mwaka 1. Ikiwa kadi imepotea, usikae nyumbani kwa kuona haya. Kliniki huwa na daftari kubwa la chanjo, na mwuguzi anaweza kutafuta jina la mtoto humo akamwandikia kadi nyingine. Kama jina halionekani, anaangalia umri na kuamua chanjo zipi zirudiwe.

(b) Kupimwa chakula. Kuna utepe mdogo wenye rangi tatu wa kuzungushiwa mkono wa mtoto, juu ya kiwiko. Ikisoma kijani, yaani sentimita 12.5 kwenda juu, ni salama. Manjano, kati ya 11.5 na 12.5, ni onyo. Nyekundu, chini ya 11.5, ni hatari, na mtoto apelekwe hospitali upesi apewe chakula cha matibabu. Utepe huu ni wa watoto wa kati ya miezi 6 na miaka 5. Wahudumu wa afya ya jamii wanautumia vijijini. Kazi yao ilitiwa nguvu mwezi wa Septemba 2023, serikali ilipowapa wahudumu wapatao 100,000 nchini mikoba ya vifaa. Muulize mzee wa kijiji mhudumu wa eneo lenu ni nani. Hulipi kitu, na yeye ndiye anayekuja nyumbani.

(c) Nasari. Siku hizi nasari ina madarasa mawili, PP1 na PP2, mtoto akiwa na miaka 4 na 5. Katiba ya 2010 iliiweka elimu ya chekechea pamoja na vituo vya kulelea watoto mikononi mwa serikali za kaunti. Kwa hivyo mambo ya nasari za Garsen, Tarasaa, Ngao au Kipini yakikwama, ofisi ya kuuliza ni ya kaunti yetu ya Tana River, ambayo makao yake ni Hola. Na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inapotaja mzazi inamhesabu na mlezi pia. Nyanya ana wajibu wa kumpeleka mtoto shule, na kwa hivyo hana haja ya kusimama mlangoni kama mwombaji.

(d) Pesa za msaada. Kuna mpango wa serikali wa kuwasaidia walezi wa mayatima na watoto walio katika mazingira magumu. Ulianza kwa majaribio mwaka 2004, na sasa uko chini ya Inua Jamii. Familia iliyoandikishwa hulipwa shilingi 2,000 kwa mwezi. Si kila mtu anapata, na huwezi kuandikishwa siku yoyote unayotaka, ila usajili unapotangazwa katika baraza la chifu, mlezi asiyehudhuria hujinyima mwenyewe.

(e) Ofisi ya watoto. Afisa wa watoto si polisi. Anaweza kuandika barua ya kuthibitisha kwamba mtoto anaishi na fulani, kumsaidia mlezi kupata karatasi, na kufuatilia mtoto akiteswa au akinyimwa urithi wake. Kuna pia namba ya simu 116 ya kuripoti mambo ya watoto, nayo haitozwi pesa.

CHETI CHA KUZALIWA: MLANGO WA MILANGO YOTE

Sasa nirudi kwenye cheti, maana hapo ndipo sisi tulipokwama. Kifungu cha 53 cha Katiba kinasema kila mtoto ana haki ya kuwa na jina na uraia tangu azaliwe, tena ana haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na lishe, makao na matibabu. Kwa maneno, haki hizo anazo hata bila karatasi. Lakini mtaani mambo ni mengine. Cheti ndicho kinachoulizwa nasari, ndicho kinachoingizwa katika mtambo wa Wizara ya Elimu, na ndicho kitakachoulizwa mitihani ikifika.

Mtoto akizaliwa hospitali, hospitali ndiyo inayotoa taarifa ya kuzaliwa. Akizaliwa nyumbani, naibu wa chifu ndiye anayeandika. Yote haya yafanywe kabla ya miezi 6 kuisha. Ikipita, unaitwa usajili wa kuchelewa, na hapo maswali yanazidi.

Sisi tulianzia kwa naibu wa chifu. Alimjua marehemu binamu yangu, hivyo hakutusumbua, ila alituambia wazi, "Mama, kumbuka, wewe ni mlezi. Usijiandike mama yake." Nyanya alishangaa, manake majirani walikuwa wamemshauri hivyo hivyo. Walimwambia, "Mwandike awe wako, mambo yaishe." Na mimi nakiri, niliona ni ushauri mzuri. Kitambulisho cha nyanya kipo, mtoto yupo, kuna shida gani?

Kumbe shida ni kubwa. Ukimwandika mtoto kuwa wako na siye, umesema uongo katika karatasi ya serikali. Mtoto anapoteza jina la mama yake, na siku akitaka shamba au haki yoyote ya mama yake, hana cha kuonyesha. Tena akija kuomba kitambulisho, mwanamke wa miaka 70 kuonekana amezaa mtoto juzi kutaleta maswali. Njia ya mkato ni chanzo cha kupotea.

Basi tukafuata njia ndefu. Tuliambiwa tulete kitambulisho cha mama wa mtoto, cheti cha kifo chake, kadi ya kliniki na barua ya naibu wa chifu. Kitambulisho kilikuwa kimebaki na shangazi, Mungu ni mkubwa. Cheti cha kifo hakikuwepo, kwa sababu baada ya mazishi hakuna aliyekifuatilia. Kwa hiyo ilibidi kwanza tutafute karatasi ya kufa kwa mama ndipo tupate karatasi ya kuzaliwa kwa mtoto. Siku hiyo nyanya alilia, na sikuwa na neno la kumwambia. Kadi ya kliniki tuliandikiwa nyingine baada ya mwuguzi kulipata jina katika daftari lao.

Mimi ndiye niliyekuwa nikisoma fomu na kuzijaza, kwa kuwa nyanya hajui kusoma. Ombi lenyewe siku hizi linapitia mtandao wa serikali wa eCitizen, na tulilifanya katika duka la kompyuta mjini. Safari zilikuwa nyingi. Siku nyingine bodaboda ilimaliza pesa zote tukarudi kwa miguu. Siku nyingine tulifika ofisini tukaambiwa mtambo umelala. Lakini mvumilivu hula mbivu. Kabla ya muhula wa pili kuanza, cheti kilitoka. Kina jina la mtoto na jina la mama yake. Nyanya alikifunga katika karatasi ya nailoni mara tatu, akakitia katika sanduku, akasema, "Safari hii mto ukija, hiki natoka nacho kwanza."

VIKWAZO VYA HAPA KWETU

Nimeeleza safari yetu, lakini sisi tuna bahati kwamba tunakaa karibu na barabara. Wako wanaokaa ng'ambo ya mto, ambako mvua ikinyesha barabara haipitiki na mtumbwi ndio gari. Wako wafugaji ambao mwezi huu wako hapa, mwezi ujao wamehama na mifugo, na nasari haihami nao. Kwa hao, wahudumu wa afya wanapokwenda kutoa chanjo vijijini ni muhimu sana wazee wajulishwe mapema, ili watoto wasipelekwe malishoni siku hiyo.

Kuna na vikwazo ambavyo tunajitengenezea wenyewe. Kimoja ni kubagua. Mlezi ana shilingi za mtoto mmoja, basi anampeleka wa kwake nasari, na yule wa kulelewa anabaki kuchunga kuku au kumbeba mtoto mchanga. Mtoto wa kike ndiye anayeumia zaidi. Kingine ni aibu. Watu hawataki kusema mtoto si wao, au hawataki majirani wajue mama yake alifariki kwa ugonjwa gani, kwa hivyo wanakwepa ofisi zote. Na kingine ni sisi kuwaita watoto hawa majina. Mtoto wa miaka 4 akiitwa "wa kuokotwa" mbele ya wenzake hasahau.

WENZETU WAMEFANYAJE?

Nchini Marekani kuna mpango wa shule za watoto wadogo uitwao Head Start, ulioanza mwaka 1965 kwa ajili ya familia maskini. Kanuni yao inasema mtoto aliye katika malezi ya kambo anastahili nafasi bila kuuliza kipato cha wanaomlea. Yaani ile hali yake ya kulelewa na wengine inamfungulia mlango, wakati kwetu sisi mara nyingi ndiyo inayomfungia.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali. Hapa Pwani, Mombasa, katika miaka ya 1980 ulianza Mpango wa Madrasa kwa msaada wa Aga Khan Foundation. Bi Swafiya Said na wenzake waliwafundisha akina mama wa mitaani kuwa walimu wa chekechea, na vitu vya kufundishia vikatengenezwa kwa vifuu, mbegu na maboksi. Mpango huo ulivuka hadi Zanzibar na Uganda. Somo ninaloliona mimi ni kwamba nasari nzuri haingoji jengo la mawe. Inahitaji mwalimu aliyefundishwa na kijiji kinachoitaka.

SISI WANAFUNZI TUFANYE NINI?

Usiseme, "Mimi ni mwanafunzi tu." Katika nyumba nyingi sisi ndio tunaosoma barua, sisi ndio tunaojua kutumia simu. Naomba kila mmoja wetu akifika nyumbani leo afanye mambo haya:

1. Uliza kama kuna mtoto wa chini ya miaka 6 nyumbani kwenu au kwa jirani anayelelewa na asiye mzazi wake.

2. Angalia kadi yake ya kliniki, uone chanjo ya mwezi wa 18 kama alipata.

3. Uliza kama ana cheti cha kuzaliwa. Kama hana, msindikize mlezi kwa naibu wa chifu, umsomee fomu, na umkumbushe asijiandike kuwa mzazi.

4. Kama mzazi wa mtoto alifariki, mwambie mlezi atafute cheti cha kifo mapema.

5. Karatasi zote zifungwe ndani ya nailoni na ziwekwe juu. Mto wetu hautoi taarifa.

6. Ongea na mtoto. Mwimbie, mhesabie vidole, mtajie majina ya ndege na samaki. Hiyo haina gharama.

Na kwa walimu wetu, kwa heshima na taadhima, nina ombi moja. Nasari inapokuwa na mtoto asiye na cheti, aandikishwe kwanza akae na wenzake, na mlezi apewe muda wa kukitafuta cheti. Mtoto hakukosa yeye.

TAMATI

Mtoto wetu sasa yuko nasari. Wiki ya kwanza alikaa karibu na mlango akimtazama nyanya akiondoka. Wiki ya tatu alirudi nyumbani akatuimbia wimbo mzima wa kuhesabu, kumi bila kukosea, na ndio kwanza tukajua sauti yake ilivyo. Nyanya aliacha kupepeta mchele akamsikiliza. Sasa shida yetu ni kumnyamazisha usiku tulale.

Ile miezi aliyokaa nyumbani akingoja karatasi hatairudishiwa na mtu. Wako wengine wanaoingoja hivi sasa, Oda, Chara, Kau na kwingineko, nao hawajui kwamba wanangoja. Mwenzangu, wewe unajua. Kidole kimoja hakivunji chawa, basi tusaidiane.

Kwa haya machache natua kalamu yangu.